Niflheim ya Snorri: Ukungu, Baridi na Suala la Toleo Moja la Kisasili

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha visasili katika shule ya sekondari aghalabu hutafuta mfano mmoja au miwili kutoka nje ya Afrika, ili wanafunzi waone kwamba swali la chanzo cha ulimwengu si la jamii moja pekee. Wengi wetu hukimbilia Wagiriki. Wachache huenda kaskazini zaidi, kwa Waskandinavia wa kale, na huko hukutana na maelezo ambayo yamenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu: kwamba hapo mwanzo, kabla ya mbingu na nchi, kulikuwa na ulimwengu wa ukungu na baridi upande wa kaskazini, uitwao Niflheim, na ulimwengu wa moto upande wa kusini, uitwao Muspell, na kati yao pengo tupu. Maelezo haya ni matamu kufundisha. Yana ulinganifu, yana vinyume, na yanaingia ubaoni bila taabu. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo, jinsi tunavyoyafundisha, si ya Waskandinavia wa kale kwa jumla bali ni mpangilio wa mtu mmoja. Tukimsahau mtu huyo, tunawafunza wanafunzi wetu jambo lisilo kweli kuhusu visasili vyote, vikiwemo vya kwetu.

Mtu huyo ni Snorri Sturluson. Alizaliwa mwaka wa 1179 katika kisiwa cha Iceland na akauawa nyumbani kwake Reykholt mwaka wa 1241, katika mizozo ya kisiasa iliyomhusisha pia mfalme wa Norwe. Hakuwa mtambaji wa kando ya moto. Alikuwa tajiri na mwanasiasa, na mara mbili alishika cheo cha mnenaji wa sheria katika baraza kuu la nchi yake, Althing. Kitabu chake kiitwacho Edda alikiandika katika miaka ya 1220 au karibu na hapo. Tarehe hii ina uzito, kwa sababu Iceland ilikuwa imepokea Ukristo yapata mwaka wa 1000. Snorri basi aliandika kuhusu miungu ambayo ilikuwa imeachwa kuabudiwa kwa takriban karne mbili, naye mwenyewe alikuwa Mkristo.

Tena alikuwa na lengo la kiualimu. Washairi chipukizi wa wakati wake walikuwa katika hatari ya kupoteza ufahamu wa mafumbo ya ushairi wa kale, ambamo dhahabu, kwa mfano, huweza kuitwa nywele za Sif. Fumbo kama hilo halifumbuki kwa mtu asiyejua kisa cha Sif, mke wa Thor, aliyekatwa nywele zake na kuletewa nyingine za dhahabu. Snorri alikusanya visa ili mafumbo yaendelee kueleweka. Kwa ufupi, Edda ni kitabu cha kiada, na mwandishi wake ana ugonjwa wetu sote tuandikao vitabu vya kiada: anapenda mambo yapangike.

Habari za Niflheim zimo katika sehemu ya Edda iitwayo Gylfaginning. Kabla ya kuzisoma, yafaa tutazame ni nani anayezisimulia. Mfalme Gylfi wa Uswidi anajigeuza msafiri, anajiita Gangleri, na kwenda kwenye jumba la miungu kupeleleza siri ya uwezo wao. Ndani anakuta viti vitatu vya enzi, kimoja juu ya kingine, na wanaovikalia wanaitwa Aliye Juu, Aliye Juu Vilevile, na wa Tatu. Yeye anauliza, wao wanajibu. Jina Gylfaginning lenyewe lina maana ya kudanganywa kwa Gylfi, na mwishoni kishindo kikubwa kinasikika, Gylfi anatazama huku na huku, na kumbe amesimama uwandani peke yake, hakuna jumba wala ngome. Isitoshe, katika dibaji ya kitabu tunaelezwa kwamba hao waitwao miungu walikuwa binadamu waliotoka Asia, ambao watu wa kaskazini waliwastaajabia mno. Sote huwafunza wanafunzi kutofautisha mwandishi na msimulizi tunapohakiki riwaya, ilhali tufikapo kwenye visasili tunaisahau kanuni hiyo. Niflheim tunayoifundisha inasimuliwa na wahusika waliojibadilisha, wakimsimulia mhusika aliyejibadilisha, katika jumba ambalo halipo. Mwandishi Mkristo alikuwa na sababu ya kujitenga na maneno yao kiasi hicho.

Tuyasikie sasa maneno yenyewe. Kwa mujibu wa wasimulizi hao watatu, Niflheim ilikuwako enzi nyingi kabla ya dunia kuumbwa. Jina lake limetokana na maneno mawili: nifl, lenye maana ya ukungu au giza la ukungu, na heimr, yaani makao au ulimwengu. Katikati yake palikuwa na chemchemi, Hvergelmir, na kutoka hapo ilitiririka mito kumi na mmoja, wa mwisho kutajwa ukiwa Gjoll, ulio karibu na milango ya kuzimu. Kisha inatajwa mito iitwayo Elivagar. Mito hii ilipofika mbali na chimbuko lake, sumu iliyokuwa ndani yake iliganda, kama mavi ya chuma yatokapo motoni, ikawa barafu. Barafu iliposimama, manyunyu yaliyofuka kutoka kwenye sumu ile yaliganda juu yake yakawa sakitu, tabaka juu ya tabaka, hadi upande wa kaskazini wa lile pengo, Ginnungagap, ukajaa. Upande wa kusini ulikuwa shwari kwa sababu ya cheche na joto la Muspell. Hewa ya joto ilipokutana na sakitu, sakitu iliyeyuka, ikatona, na matone yakapata uhai. Umbo lililotokea lilikuwa la mtu, nalo ndilo jitu Ymir.

Neno sakitu linastahili kutuliwa kidogo. Wakulima wa majani chai wa Kericho wanaijua: si theluji, bali umande ulioganda usiku wa anga tupu, unaoacha majani yamekauka kana kwamba yamepitiwa na moto. Sisi wenyewe husema kwamba sakitu imeunguza shamba. Lugha yetu basi imekwisha kuona kwamba baridi kali na moto vina kazi moja, jambo ambalo Snorri naye aligusia alipolifananisha ganda la mto wa baridi na takataka ya tanuri la mhunzi. Kwa mtu wa Iceland tashbihi hiyo haikuwa ya mbali. Kisiwa hicho kina mito ya barafu na milima ya volkeno mahali pamoja, na mlima Hekla ulilipuka vibaya mwaka wa 1104, miaka sabini na mitano kabla ya Snorri kuzaliwa. Sidai kwamba kisasili kizima ni taarifa ya volkeno iliyovishwa nguo, maana uhakiki wa aina hiyo huua kisa haraka. Ninachosema ni kwamba mto unaotiririka, unaofuka, unaoganda na kuwa mwamba mweusi ni kitu ambacho hadhira ya kwanza ya kitabu hiki iliweza kukiwazia bila msaada wa mwalimu.

Katika tamthilia na riwaya tunazozoea, mandhari ni mahali ambapo wahusika hutenda. Hapa mandhari ndiyo inayotenda, kwa sababu wahusika bado hawajazaliwa. Na baridi haitendi kama adui. Mwanafunzi aliyezoea kwamba baridi ni ishara ya kifo na ukiwa atatarajia moto ulete uhai na baridi iuzuie. Kisa hakisemi hivyo. Moto unaamsha tu. Kitu kinachoamshwa, nyama na damu ya uhai wa kwanza, ni sakitu. Ng'ombe Audhumla naye anatokea katika sakitu iliyotona, na mito minne ya maziwa inatoka katika chuchu zake kumlisha Ymir. Yeye mwenyewe hula kwa kulamba mawe ya sakitu, ambayo yana chumvi. Siku ya kwanza nywele za mtu zinatokea katika jiwe analolamba, siku ya pili kichwa, siku ya tatu mtu mzima. Huyo ni Buri, babu yake Odin.

Jambo hili hupuuzwa mno katika mihutasari. Miungu na majitu wana chimbuko moja. Zaidi ya hayo, Bor mwana wa Buri alimwoa Bestla, binti wa jitu Bolthorn, na ndugu watatu waliozaliwa, Odin, Vili na Ve, wakamuua Ymir, mzee wa ukoo wa mama yao. Damu yake ikawazamisha majitu wote wa sakitu isipokuwa Bergelmir na watu wa nyumbani mwake. Kisha wakamgeuza maiti kuwa dunia: nyama ikawa ardhi, damu ikawa bahari, mifupa ikawa milima, fuvu likawa mbingu, ubongo ukawa mawingu. Ukifuatilia mnyororo huu utaona kwamba ardhi yenyewe ni sakitu ya Niflheim iliyopita katika mwili wa jitu. Na utaona pia kwamba uadui kati ya miungu na majitu, ambao mihutasari huuchora kama vita vya wema na uovu, ulianza kwa watu kuwamwagia wajomba zao damu. Hapa Snorri ni msimulizi hodari kweli. Hafafanui, hahubiri, anaacha ukoo ujisemee.

Ikiwa habari hizi zote zimo ndani ya Snorri, tatizo li wapi? Tatizo linaonekana tunapomlinganisha na mashairi ya kale ambayo yeye mwenyewe aliyategemea na kuyanukuu. Mengi ya mashairi hayo yamehifadhiwa katika hati moja ya ngozi, Codex Regius, iliyonakiliwa yapata mwaka wa 1270, ikapatikana mikononi mwa askofu Brynjólfur Sveinsson mwaka wa 1643, ikapelekwa kwa mfalme wa Denmark, na kurudishwa Iceland mwaka wa 1971. Hati hiyo ni changa kuliko kitabu cha Snorri, lakini wataalamu wanakubaliana kwamba mengi ya mashairi yaliyomo ni ya zamani zaidi. Ukiyapekua mashairi hayo ukitafuta jina Niflheim, hulipati.

Unachopata ni Niflhel, yaani kuzimu ya ukungu. Limo katika Vafþrúðnismál, ambapo jitu linajigamba kwamba limezifikia dunia tisa hadi chini ya Niflhel, na limo katika shairi linalohusu ndoto za Baldr. Ni mahali pa wafu, pa chini kabisa. Shairi jingine, Hrafnagaldur Óðins, linataja Niflheim, lakini limo tu katika hati za karatasi za karne ya 17 na baadaye, kwa hivyo haliwezi kumtolea Snorri ushahidi.

Tuchukue mizizi ya mti mkuu, Yggdrasil. Shairi la Grímnismál linasema kwamba chini ya mzizi mmoja anakaa Hel, chini ya wa pili majitu wa sakitu, na chini ya wa tatu wanadamu. Snorri naye ana mizizi mitatu, lakini mmoja uko kwa miungu, mwingine kwa majitu mahali palipokuwa na Ginnungagap, na wa tatu uko juu ya Niflheim, ambapo nyoka Nidhogg anautafuna kutoka chini. Wanadamu wameondolewa, miungu imeingia, na mahali alipokuwa Hel pameandikwa Niflheim. Mabadiliko hayo hayakutokea kwa bahati mbaya. Ni kazi ya mtu anayechora ramani.

Chemchemi ya Hvergelmir inaonyesha jambo hilohilo kwa namna ya kuchekesha kidogo. Katika Grímnismál kuna paa dume asimamaye juu ya jumba la Odin. Matone hudondoka kutoka pembe zake hadi Hvergelmir, na kutoka hapo maji yote hushika njia zao. Baadaye shairi linaorodhesha mito mingi, na majina ya mito kumi na mmoja ya Snorri yamo katika orodha hiyo. Kwa hivyo katika shairi, maji ya Hvergelmir yanatoka juu ya paa la nyumba ya Odin. Katika Gylfaginning, Hvergelmir iko kabla ya Odin, kabla ya babu yake, kabla ya kitu chochote. Na Snorri, kwa uaminifu wake wa mkusanyaji, baadaye anakitaja pia kisa cha paa huyo, asijaribu kutueleza jinsi chemchemi ilivyokuwa na maji kabla ya pembe kuwako.

Kuhusu kuzaliwa kwa jitu la kwanza, Vafþrúðnismál inasema tu kwamba matone ya sumu yaliruka kutoka Elivagar yakakua hadi jitu likatokea. Hakuna Niflheim, hakuna Muspell, hakuna kaskazini inayokutana na kusini. Surt mwenye moto anatoka kusini, ndiyo, katika Völuspá, lakini huko anakuja mwisho wa dunia kuiteketeza. Snorri ndiye aliyemweka pia mwanzoni, mpakani mwa Muspell, akiwa na upanga unaowaka. Ulinganifu ule unaotupendeza ubaoni, baridi huku na moto kule, hatuukuti katika mashairi hayo.

Mtu aweza kunipinga kwa kusema kwamba Snorri alijua mashairi ambayo sisi hatunayo. Pingamizi hili ni zito. Tunajua kwa hakika kwamba yako mashairi yaliyopotea, kwa sababu Snorri mwenyewe ananukuu mistari kutoka utungo uitwao Heimdalargaldr ambao haukubaki popote pengine. Kwa hivyo sithubutu kusema kwamba alilibuni jina Niflheim. Yawezekana alilisikia, na yawezekana alilitunga kwa kufuata Niflhel. Dai langu ni dogo kuliko hilo: mpangilio wenyewe, wa ulimwengu wa ukungu ulio asili ya vyote, ukitazamana na ulimwengu wa moto, tunaupata kwake, na mwenye kuufundisha amtaje.

Lakini hata Snorri hakufaulu kuupanga ulimwengu huu hadi mwisho, na kwa maoni yangu kutofaulu huko ndiko sehemu yenye thamani zaidi. Niflheim iliyokuwa tumbo la uhai inarudi baadaye ikiwa kaburi. Odin anamtupa Hel, binti wa Loki, katika Niflheim, na kumpa mamlaka juu ya dunia tisa ili awagawie makao wote wafao kwa ugonjwa na uzee. Jumba lake linaitwa Eljudnir, sahani yake inaitwa Njaa, kisu chake kinaitwa kwa jina la uhaba wa chakula, kizingiti chake ni cha kujikwaa, kitanda chake ni cha mgonjwa asiyeinuka. Nakiri kwamba sehemu hii hainivutii. Majina ya aina hiyo, ambapo kila chombo ni funzo, yananikumbusha mahubiri kuliko masimulizi, na yamkini kalamu ya Mkristo ndiyo inayosikika.

Mahali pengine msimulizi yuleyule anasema kwamba watu waovu huenda kwa Hel, na kutoka hapo hadi Niflhel, katika dunia ya tisa. Basi mahali hapa ni pa wagonjwa au ni pa waovu? Kisha Baldr anakufa. Yeye ni mwema kuliko miungu yote, na hakufa kwa ugonjwa wala uzee, bali alichomwa na mti aliorushiwa na kipofu. Hata hivyo anakwenda kwa Hel. Hermod anapomfuata anaendesha farasi siku tisa usiku na mchana katika mabonde yenye giza, hadi daraja la mto Gjoll, lililoezekwa dhahabu, na mlinzi wa daraja, binti Modgud, anamwambia kwamba njia ya kwa Hel ni ya chini na ya kaskazini. Anafika na kumkuta Baldr ameketi katika kiti cha heshima. Hakuna sahani ya Njaa hapo. Hakuna adhabu. Ni nyumba ya wafu tu, mbali, upande wa baridi, na mgeni anapokewa.

Tuna basi angalau Niflheim mbili ndani ya kitabu kimoja, na pengine kuzimu tatu. Vitabu vya muhtasari hulainisha. Huchagua moja, au hugawa: Niflheim huku, Hel kule, kisha huorodhesha dunia tisa kwa majina, ijapokuwa hakuna chanzo cha kale kinachozitaja zote tisa katika orodha moja. Ulainishaji huo unafuta dalili pekee tuliyobakiwa nayo kwamba nyuma ya kitabu palikuwa na vinywa vingi. Watu wa bonde moja walisimulia hivi, wa bonde jingine vile. Mkusanyaji aliwasikia wote, au aliwasoma, akashindwa kuwapatanisha.

Ninalisema hili kwa sababu nimelikosea darasani. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi la kukusanya visasili vya chimbuko nyumbani kwao. Msichana mmoja alileta kisa cha Gikuyu na Mumbi akiwa na mabinti kumi, kama alivyosimuliwa na bibi yake. Nilikuwa nimesoma Facing Mount Kenya ya Jomo Kenyatta, iliyochapishwa mwaka wa 1938, ambamo mabinti wametajwa tisa. Nikapiga mstari mwekundu chini ya "kumi" na kuondoa alama. Hakubisha. Wanafunzi wetu hawabishi. Baadaye ndipo nilipozingatia usemi wa wazee, kenda muiyuru, yaani tisa iliyojaa, ambao kwao hufika hadi binti wa kumi. Bibi alikuwa sahihi kwa kipimo cha mapokeo yake, na Kenyatta alikuwa sahihi kwa lile aliloliandika. Aliyekosea alikuwa mimi, niliyedhani kwamba kisa kilichopigwa chapa ndicho kisa, na kile cha bibi ni nakala yenye makosa.

Claude Lévi-Strauss, katika makala yake ya mwaka wa 1955 kuhusu muundo wa visasili, alishikilia kwamba kisasili ni jumla ya matoleo yake yote, na kwamba hakuna haja ya kulisaka lile moja la kweli. Umuundo wake una kasoro. Unapenda mno jozi za vinyume, na baridi ya kaskazini dhidi ya moto wa kusini ni chambo kitamu kwake, kumbe jozi hiyo pengine imesukwa na mhariri. Lakini katika hoja hii ya matoleo namwunga mkono. Silabasi yetu inawatuma wanafunzi nyanjani kukusanya fasihi simulizi, na kisha mwongozo wa kusahihisha unawasubiri na jibu moja. Mambo hayo mawili hayakai chungu kimoja.

Siku hizi nikifundisha visasili vya chimbuko huwapa wanafunzi ubeti mmoja wa Völuspá, ule unaoelezea wakati usio na mchanga wala bahari wala mawimbi baridi. Katika Codex Regius, huo ni wakati alipoishi Ymir. Katika nukuu ya Snorri, ni wakati ambapo hapakuwa na kitu. Tofauti ni ya maneno machache tu, lakini upande mmoja jitu liko tayari, na upande wa pili kuna utupu ambao Mkristo yeyote wa karne ya 13 angeutambua kutoka mafundisho ya kanisa. Ama Snorri aliupokea ubeti hivyo, ama aliubadilisha, darasa hujadili. Mara ya mwisho mvulana wa dawati la nyuma aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, sasa kwenye mtihani tuandike lipi?" Nikamwambia aandike yote mawili, na kila moja alitajie mwenyewe. Mtahini angempa alama ngapi, hilo sikumwahidi.